Banda la Mbwa Lisilo na Ufa

Juzi daktari wa mifugo alikuja kumchoma mbwa wetu Simba sindano ya kichaa cha mbwa. Akamgeuza masikio, akampekua kati ya vidole, kisha akaniuliza ninatumia dawa gani ya kupe. Nikamwambia, twende kwanza nikuonyeshe banda.

Nyumba yetu ya Goba tuliikuta na banda la mbao la mwenyeji aliyetutangulia. Kwa macho lilikuwa zuri. Simba alikuwa anajikuna usiku kucha, tunamwogesha, wiki haijaisha kupe wamerudi. Siku moja nikachukua nyundo nikabandua ubao wa ukutani. Nyuma yake walikuwa wamesongamana, majike yamevimba kama mbegu za nyonyo. Kupe wa mbwa hakai mwilini muda wote: akishashiba hudondoka, hupanda ukuta, hujificha kwenye ufa, na jike hutaga humo mayai kwa maelfu. Unamwogesha mbwa huku ukuta unaendelea kuwalea. Zile mbao nilizichoma moto siku hiyohiyo, nikaamua kujenga banda jipya.

Vipimo havina shida: mbwa asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amejinyoosha. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi na iinamie mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke. Mlango, kwa sisi wa Dar es Salaam, usiuelekeze kusini wala mashariki, maana mvua ya masika mara nyingi huja na upepo wa kusi. Wangu unatazama kaskazini, chini ya mwarobaini.

Kwenye bati kuwa macho. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba, na kuna wauzaji wanaoishi kwa kutegemea kwamba hulijui hilo. Duka moja lilinitoza bei ya geji 28, nikaletewa bati ambalo nilipolishika pembeni lilipepea lote. Nikalirudisha kwa bajaji. Muuzaji akaapa kwamba ndilo lenyewe. Nikaomba tulipime uzito pamoja na la geji 30, wateja wengine wakiwa wamesimama hapo. Yalipolingana, nilibadilishiwa bila neno la ziada.

Sasa kona. Fundi wangu alitaka kupiga lipu ya kawaida amalize. "Dada, hili ni banda la mbwa tu." Nikasema hapana. Pale ukuta unapokutana na sakafu ndipo lipu hupasuka kwanza, na ufa mwembamba tu unamtosha kupe mdogo. Nikamletea chupa ya soda. Lipu ikiwa bado mbichi, unajaza chokaa ya saruji pale kwenye kona, unailaza chupa na kuivuta taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiilowesha maji kila inapoanza kunata. Inabaki kona ya mviringo, ukipitisha kidole hakikwami popote. Tukafanya hivyo sakafuni na kwenye kona zote za kusimama. Kisha niru, ukutani na sakafuni, mpaka kukawa laini kama sahani. Mwishoni fundi mwenyewe alikuwa anapapasa akitafuta mahali palipobaki, na nilifurahi kumwona hivyo. Ukuta umwagiliwe maji wiki nzima. Ukikauka haraka utapasuka na kazi yote imepotea.

Paa tumelikalisha juu ya mabomba ya chuma, hakuna hata kipande cha mbao, na tumeacha nafasi ya hewa chini ya bati. Watu watakushauri upake oili chafu ukutani. Usikubali: mbwa huilamba, na ni sumu.

Dawa ya kupe bado Simba anapewa, kwa maelekezo ya daktari. Wewe unayejenga, siku ya lipu usiende kazini. Simama na fundi mpaka kona ya mwisho, na chupa uishike wewe.