Tunda Zima na Maji ya Tunda kwa Mtu Aliyezidi Uzito

Baadhi ya watu wazima waliozidi uzito huacha kula matunda kwa kuwa yana sukari. Wengine huyakamua na kunywa maji yake wakidhani wamekula matunda. Makundi yote mawili husahau kwamba mwili hauipokei sukari ya tunda kwa namna moja tu.

Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu 10 wenye afya matufaha kwa namna tatu, kila moja kwa wakati wake: matunda mazima, yaliyopondwa, na maji yake. Kila mlo ulikuwa na gramu 60 za kabohaidreti. Maji yalimalizika mara 11 upesi kuliko matunda mazima, lakini ndiyo yaliyoshibisha kidogo kuliko yote. Aidha, insulini, yaani homoni itolewayo na kongosho, ilipanda zaidi. Kisha sukari ya damu ikashuka chini ya kiwango ilichoanzia.

Sababu imo katika umbile la tunda. Sukari yake imefungiwa ndani ya seli zenye kuta za nyuzinyuzi. Meno huzivunja polepole, na tumbo hupata nafasi ya kujaa kabla mlaji hajapitiliza. Kukamua na kuchuja huondoa kizuizi hicho; ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya maji ya matunda pamoja na ile iongezwayo kwenye vyakula.

Na hofu ya wale waachao matunda? Katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013, watu 63 waliozidi uzito, waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili, waligawanywa: baadhi wale matunda yasiyopungua 2 kwa siku, wengine yasiyozidi 2. Baada ya wiki 12, waliopunguza hawakuwazidi wenzao katika kushusha sukari ya damu wala uzito.

Hata hivyo tunda si dawa. Papai lililiwa mahali pa maandazi hupunguza nishati iingiayo mwilini, kwani gramu 100 zake zina kilokalori 43 hivi. Likiliwa juu ya maandazi, huiongeza. Parachichi nalo lina karibu mara nne ya kiasi hicho.

Mwanafunzi aweza kuanza uchunguzi bila maabara: akamue machungwa hadi bilauri ijae, ayahesabu, kisha ajaribu kula idadi ileile kwa mkao mmoja.