Vitabu vya Maktaba: Historia ya Abaluyia

Mtu wa Kakamega atakaye kujua habari za wazee wake na aulize maktabani vitabu viwili vya Kiingereza. Cha Günter Wagner, Mjerumani, kilichoanza kutolewa mwaka 1949, chaeleza koo, ndoa na desturi za Wabukusu na Walogoli. Cha Gideon Were kilitolewa Nairobi mwaka 1967. Were aliwaendea wazee wa koo mbalimbali, akaandika masimulizi yao, kisha akayalinganisha. Maana ukoo mmoja huweza kusimulia safari ile ile kwa namna nyingine. Basi msomaji naye, akiisha kusoma, amwulize babu yake, aandike jibu na tarehe. Kitabu hukaa rafuni kikingoja, mzee hangoji.