Stika ya Pikipiki Haitibu Mguu Wako

Kijana unayeendesha boda, hebu jiulize: ukianguka leo, nani atalipa?

Chukua mfano huu. Kijana anatoka Maili Moja, Kibaha, anapeleka vifurushi vya duka Mlandizi. Gari linamchomekea, anaanguka, mguu unavunjika. Wenzake wanamkimbiza Hospitali ya Tumbi. Mfupa unachukua miezi kuunga. Miezi hiyo hakuna mshiko, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake. "Lakini pikipiki ina bima!" analalamika. Kweli inayo. Je, inamlinda nani?

BIMA NDOGO

Kwa sheria, kila chombo cha moto barabarani lazima kiwe na bima inayomlinda mtu wa tatu. Ukimgonga mtembea kwa miguu, kampuni ya bima inamlipa yeye. Wewe mwenyewe ukiteleza kwenye matope njia ya Maneromango, Kisarawe, bima hiyo haikulipi kitu.

Lakini kijana wetu aligongwa. Kama kosa ni la gari, hapo yeye ndiye mtu wa tatu, na anaweza kudai kwenye bima ya gari hilo. Tatizo: hakuna aliyeandika namba yake!

UMEAJIRIWA AU UNAJITEGEMEA?

Kama duka au duka la dawa limekuajiri kupeleka mizigo, mwajiri anatakiwa kukuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Wewe hukatwi hata senti. Ukiumia kazini, mfuko unagharamia matibabu na kukulipa fidia. Ukifariki, wategemezi wako wanalipwa. Umeumia? Mwambie mwajiri mara moja.

Kama unapata kazi kwa programu ya simu au unapeleka hesabu kwa bosi, mara nyingi huhesabiwi kuwa mwajiriwa. Hapo kinga ni ya kujitafutia mwenyewe: bima ya afya, bima ya ajali binafsi, na kujichangia NSSF, ambayo inapokea waliojiajiri pia.

UFANYE NINI?

1. Soma mkataba kabla ya kusaini. Uliza: nikiumia, hesabu inasimama?

2. Hakikisha leseni na bima ni hai. Bima hakiki kwa mfumo wa TIRA, maana stika feki zipo.

3. Ajali ikitokea, andika namba ya gari, jina la kampuni ya bima na simu za mashahidi. Toa taarifa polisi upate PF3. Majeruhi awahishwe hospitali kwanza, karatasi zifuate.

4. Tunza risiti zote za matibabu.

5. Vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake. Utafiti umeonyesha inapunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Hakuna bima inayorudisha ubongo.

6. Undeni kikundi kijiweni. Watu 20 wakiweka shilingi 500 kila siku, kwa siku 26 ni shilingi 260,000. Hizo zinaweza kukata bima za wanachama au kumsaidia aliyelazwa.

Wengine husema, "Mimi ni fundi, sianguki." Sawa. Na anayekuja mbele yako, naye ni fundi?

JADILINI KIJIWENI

- Kati yetu, nani ana bima ya afya leo?
- Mwenzetu akivunjika mguu kesho, familia yake itakula nini?
- Tuanze kuchangishana lini?