Nifanye PMP sasa?

Swali: Nina shahada, na huu mwaka wa pili naratibu mradi wa mikoko kwenye vijiji vya pembezoni mwa msitu wa Jozani, Zanzibar. Nifanye mtihani wa PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI?

Jibu: Bado. Mwenye shahada hutakiwa miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo. CAPM, cheti cha PMI cha ngazi ya mwanzo, haidai uzoefu, lakini kazi unayo tayari; sioni itakuongezea nini. Kwanza soma matangazo ya kazi unazozitaka. Kama hayataji cheti, usitoe dola zako: kwa sheha na wakata kuni cheti hakisemi kitu. Wakati huohuo, weka kumbukumbu za bajeti, ratiba na majukumu yako, maana PMI huweza kukagua maombi. Na hupaswi kusahau gharama ya baadaye: PMP huhuishwa kila miaka 3.