Midomo Iliyopasuka kwa Baridi ya Njombe: Mafuta Yatangulie Chakula

Kuna muuzaji mmoja wa vipodozi hapa Njombe mjini ambaye bado sijamsamehe. Julai iliyopita niliingia dukani kwake na binti yangu wa darasa la pili, natafuta mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu. Ngozi ya mtoto kuzunguka mdomo ilikuwa imekauka na kufanya duara jekundu kutoka chini ya pua hadi kidevuni, na pembe za mdomo zimechanika hata kupiga mwayo ilikuwa adhabu. Muuzaji alimtupia jicho mara moja, akainama chini ya kaunta, akaibuka na kitubu. "Mama, achana na mafuta. Hii siku tatu tu, kwisha habari."

Nikageuza boksi. Pembeni, kwa herufi za kusomwa kwa shida, imeandikwa clobetasol. Hiyo ni steroidi, tena katika zile kali kuliko zote za kupaka, na huandikwa na daktari. Uso wa mtoto si mahali pake! Nikamuuliza kama anajua kilichomo. "Mimi nauza tu, mama. Wote wanachukua."

Hilo la "wote wanachukua" ndilo linaloniuma hadi leo. Steroidi kali usoni hutuliza wekundu haraka, kwa hiyo mzazi hufurahi. Akiacha, wekundu hurudi kwa nguvu pamoja na vipele vidogo kuzunguka mdomo. Akipaka tena, hutulia, na hapo ameshanaswa, huku ngozi inazidi kuwa nyembamba. Nilimrudishia boksi lake nikamwambia, kwa sauti ambayo wateja wote waliisikia, kwamba mtu akiomba mafuta ya mgando apewe mafuta ya mgando. Nikayanunua duka la dawa, mtaa wa pili, kwa bei ambayo haifiki hata robo ya kile kitubu.

Kina mama wenzangu wameniuliza sana nilifanyaje, basi nitaeleza kwa hatua.

Ya kwanza ni kuondoa vinavyochokoza. Sabuni isiguse mdomo, maji vuguvugu yanatosha. Dawa ya meno yenye mnanaa mkali ioshwe vizuri baada ya kupiga mswaki, isibaki pembeni. Na yale mafuta ya midomo yanayopoza, yenye mentholi au kafuri, sipendi hata kuyaona: ule ubaridi mtamu huwasha ngozi iliyochanika, na mtoto huzidi kulamba. Vivyo hivyo mafuta ya watoto yanayonukia. Manukato ni ya nguo.

Mama mkwe alileta parachichi, maana huku kwetu parachichi ni dawa ya kila kitu. Nilimshukuru, tukalila na chumvi. Mama yangu mzazi alituma chupa ya mafuta ya nazi kutoka Tanga. Hayo nayapenda mno, lakini chini ya nyuzi joto 24 huanza kuganda, na mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Julai nzima yalikaa magumu chupani, nikawa nachokoa kwa mpini wa kijiko. Yanafaa miguuni. Mdomoni mate huyaondoa upesi.

Sasa kiini cha mambo yote: mafuta hupakwa kabla ya kula.

Karibu kila mtu hupaka baada ya kula, wakati madhara yameshatokea. Adui mkubwa wa ngozi ile ni mate. Mtoto akihisi ukavu hulamba, mate yanakauka kwa upepo na kuondoka na unyevu uliobaki, ukavu unazidi, analamba tena. Isitoshe, mate yana vimeng'enya vya kusaga chakula, na pembeni mwa mdomo palipochanika vinaichoma ngozi. Ongeza ndimu ya kwenye uji au maji ya chungwa, unapata kilio mezani.

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya uji nilimnawisha, nikamkausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, nikaacha ngozi ibaki na unyevu kidogo. Unyevu huo ni wa lazima. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi, kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Ukipaka kwenye ngozi kavu umefungia ukavu. Nilichukua kiasi cha punje ya hindi, nikayapekecha vidoleni hadi yakalainika, maana kwa baridi hii huwa magumu. Kisha namwambia, "Sema aaa," mdomo ukifunguka pembe zinakunjuka, nami nayabonyeza ndani ya ule mkunjo hasa. Ukipaka mdomo ukiwa umefungwa, mkunjo wenyewe hubaki mtupu. Baada ya hapo anakula. Akimaliza, nafuta taratibu na kupaka upya. Kopo dogo likaenda naye shule, na usiku nilipaka tabaka nene.

Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline huko Marekani mwaka 1872, na mpaka leo sijaona krimu ya bei mbaya inayoyashinda mafuta hayo kwa kazi hii. Jumapili moja kabla Agosti haijaisha, binti yangu alimenya chungwa la Muheza, akalinyonya mpaka mwisho, maji yanamtiririka kidevuni, na hakutoa hata chozi. Nilifurahi nikampa la pili. Mama mkwe akasema ni lile parachichi.

Mambo ya kunywa maji na kufunika mdomo kwa skafu asubuhi mnayajua.

Lakini pembe za mdomo zisipopona kwa wiki mbili, au zikirudi kila mara, nenda hospitali. Huenda kuna fangasi au bakteria, na kila kimoja kina dawa yake. Magamba ya rangi ya asali kwa mtoto ni dalili ya bakteria, na huambukiza. Kwa wengine chanzo ni upungufu wa madini ya chuma au vitamini za kundi B. Kwa wazee, meno ya bandia yasiyokaa sawa. Na kisukari nacho huchangia. Omba upimwe damu. Upungufu wa damu hautibiwi kwa kopo la mafuta, na kila wiki unayoendelea kupaka tu ni wiki ambayo ugonjwa wenyewe haujaguswa.