Simu, Usingizi na Usalama wa Mwanafunzi

Mwanafunzi anapofika kituo cha afya Mkongo, wilayani Rufiji, akilalamikia maumivu ya kichwa na uchovu, hupimwa kwanza malaria, kwa kuwa ugonjwa huo upo katika bonde lote la mto. Kipimo kisipoonyesha vimelea, dawa ya malaria isitolewe kwa kubahatisha. Pamoja na kuchunguza sababu nyingine, mhudumu aulize: "Jana ulilala saa ngapi, na simu ilikuwa wapi?"

Usingizi na macho

Kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila siku. Mwanga wa kioo cha simu usiku hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, nayo michezo na mazungumzo huiacha akili ikiwa macho. Aidha, anayekodolea kioo kwa muda mrefu hupepesa macho mara chache, hivyo macho hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Usiku simu iwekwe mbali na kitanda.

Vitisho vya mtandaoni

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wenye miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kwa njia ya mtandao katika mwaka mmoja. Mara nyingine mtu huomba picha ya faragha, kisha hutishia kuisambaza asipolipwa.

Mwanafunzi aliyetishwa asilipe, asitume picha nyingine, wala asifute ujumbe, kwani huo ni ushahidi. Amweleze mtu mzima anayemwamini, au apige simu bure namba 116. Kitendo hicho ni kosa la jinai, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hupokea malalamiko.

Wajibu wa mhudumu na mzazi

Mhudumu amsikilize faraghani bila kumlaumu, na aulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akikubali, asiachwe peke yake, na apewe rufaa siku hiyohiyo. Mzazi naye asikimbilie kumnyang'anya simu. Mtoto anayejua kwamba kusema ukweli kutamletea adhabu hunyamaza, na ukimya huo ndio silaha ya anayemtisha.