Kukwea Kuta Ndani ya Jumba: Jifunze Kushuka Kwanza

Mtoto wa kwetu hahitaji mwalimu wa kumfundisha kukwea. Kabla hajajua kusoma amekwisha kuupanda mwembe wa jirani, na huko pwani wako vijana ambao riziki yao yote iko juu ya mnazi. Kwa hiyo huenda ukashangaa kusikia kwamba ziko nchi ambako watu wazima, makarani na walimu na mafundi, hulipa kiingilio ili waingie ndani ya jumba, wakwee ukuta, kisha warudi chini mikono mitupu bila dafu wala embe.

Tumeamua kulizungumza jambo hili katika ukurasa wetu wa afya kwa sababu vijana wetu wanaokwenda Ujerumani kusoma au kufanya kazi, hasa kazi ya uuguzi, hualikwa na wenzao kwenye majumba hayo jioni baada ya kazi. Nairobi nako mchezo huu umekwisha kufika. Anayealikwa kwa mara ya kwanza huogopa urefu wa ukuta. Sisi tunasema aogope zaidi mambo mengine mawili: namna ya kushuka, na haraka ya kuvitwika vidole mzigo ambao bado havijauzoea. Tutalitazama somo hili kwa upande wa Ujerumani, kwa kuwa huko madaktari wameufuatilia mchezo huu kwa makini.

JUMBA LENYEWE LILIVYO

Huu si mchezo wa jana. Mwaka 1964 Don Robinson, aliyekuwa akifundisha michezo katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alipachika vipande vya mawe kwenye ukuta wa ujia mmoja wa chuo ili wakweaji wapate pa kufanyia mazoezi. Kutoka hapo mambo yalikua hata mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021.

Kuta za siku hizi ni za mbao ngumu zilizojaa matundu, na katika matundu hayo hufungwa kwa skrubu vishikio vya plastiki ngumu vyenye rangi. Rangi ndiyo inayoonyesha njia. Ukianza njia ya njano, mikono na miguu yako hushika na kukanyaga vya njano tu, na kila njia ina alama ya ugumu wake. Mgeni aanze na iliyo nyepesi kabisa, hata kama pembeni yake mtoto wa miaka 8 anapanda iliyo ngumu kuliko hiyo. Aibu haivunji mfupa.

Jumba huwa na sehemu za aina mbili. Kuna kuta ndefu, mita 12 na zaidi, ambazo hupandwa kwa kamba: mmoja anapanda akiwa amevaa mkanda wa kiunoni na mapajani, na mwenzake yuko chini akiishika kamba kwa kifaa maalumu. Kisha kuna kuta fupi, ambazo kwa kawaida hazizidi mita 4 na nusu. Hizi hupandwa bila kamba yoyote, na chini yake yametandazwa magodoro manene kutoka ukuta hadi ukuta. Mchezo huu wa kuta fupi ndio unaoitwa bolda, na ndio wageni wengi huanza nao kwa sababu hauhitaji mwenzi wala mafunzo marefu. Viatu vyake ni vya mpira, vya kubana, na huazimwa pale pale kwa malipo.

HATARI IKO WAPI?

Mwaka 2013 Dkt. Volker Schöffl, tabibu wa Ujerumani aliyebobea katika majeraha ya wakweaji, pamoja na wenzake, walichapisha hesabu ya miaka 5 ya watu kuingia kwenye ukumbi wa kukwea. Watu waliingia mara 515,337. Majeraha ya ghafla yaliyoandikwa yalikuwa 30, na hakuna aliyekufa. Ni hesabu ya kutia moyo, na mzazi mwenye hofu angefaa kuijua. Lakini ilihesabu majeraha ya ghafla tu. Kidole kinachoharibika polepole kwa miezi 6 hakimo.

Katika kuta za kamba ajali mbaya hutokana mara nyingi na usahaulifu: fundo halikumalizwa, mkanda haukufungwa sawasawa, au mshika kamba anazungumza na rafiki. Kwa hiyo iko desturi kwamba kabla mguu haujaacha ardhi, wawili hao wakaguane, huyu aguse fundo na mkanda wa yule, na yule akague kifaa cha huyu. Baadhi ya kumbi zina mashine inayovuta kamba yenyewe bila mshika kamba. Hapo hatari ni mtu kuanza kupanda bila kujifunga kabisa, na wamewahi kufanya hivyo hata wazoefu.

Katika bolda ajali ni ya namna nyingine. Mpanda ngazi hushuka, walisema wazee, na mkwezi wa minazi anajua hivyo: hushuka kwa mikono na miguu ile ile aliyopandia. Huku ukutani, kwa kuwa godoro lipo, vijana wakifika juu huachia tu. Hebu tupige hesabu. Mtu ambaye nyayo zake ziko mita 3 juu ya godoro akiachia, hufika chini akiwa na mwendo wa karibu kilometa 28 kwa saa, yaani mwendo wa baiskeli inayoteremka mlima. Akifanya hivyo mara 30 katika jioni moja, ameanguka mita 90. Godoro linapunguza kishindo, halikiondoi, na kinachobaki hupokewa na vifundo vya miguu, magoti na uti wa mgongo. Tena godoro laini lina hila yake, kwani mguu huzama na kupinda upande, na ndivyo vifundo vinavyoteguka.

Basi mgeni ajifunze hivi siku ya kwanza, akiwa bado hajapita kimo chake mwenyewe. Kwanza, ashuke kwa kukanyaga vishikio, hata kama ni vya rangi nyingine, mpaka abakize kimo kifupi. Kushuka hakuna masharti ya rangi. Pili, akiponyoka, atue kwa miguu yote miwili iliyoachana kidogo, magoti yakiwa yamekunjika, kisha ajiachie abingirike kwa mgongo kama mtoto. Mikono aikunje kifuani. Mtu anayeanguka hupeleka mikono nyuma ili ajizuie, bila hata kufikiri, na hapo ndipo kifundo cha mkono au kiwiko huvunjika. Wafanyakazi wa ukumbi hulifundisha jambo hili wakiombwa, na tunashauri aombe.

Godoro si mahali pa kuketi. Anayepumzika akae mbali na ukuta, na asipite chini ya mtu aliye juu. Watoto wadogo hulipenda godoro kuliko ukuta, na wazazi wakishikwa na mazungumzo watoto hao huanza kukimbizana juu yake. Mtu mzima wa kilo 80 akimwangukia mtoto, atakayeumia zaidi ni mtoto.

VIDOLE

Ushike mkono wako sasa, msomaji, ukunje vidole na kuvikunjua huku ukiutazama mkono kati ya kiwiko na kiganja. Utaona nyama inacheza huko. Ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja. Misuli iko kwenye mkono wa mbele, na nguvu yake hupelekwa vidoleni kwa kano ndefu kama kamba. Ili kano isiachane na mfupa kidole kinapokunjika, imepitishwa katika vitanzi vidogo vigumu, kama mshipi unavyopitishwa katika pete za ufito wa kuvulia samaki. Mkweaji anaponing'inia kwa ncha za vidole, hasa akivikunja kwa nguvu juu ya kishikio chembamba, kitanzi kilicho karibu na shina la kidole hubeba mzigo mkubwa sana. Kikikatika, mara nyingine husikika mlio, kisha huja maumivu na uvimbe.

Misuli huongezeka nguvu kwa majuma machache tu. Kano na vitanzi vyake huchukua miezi mingi, hata miaka. Kijana mwenye mwili wa kazi, aliyezoea kubeba magunia au kuinua wagonjwa wodini, ana misuli tayari tangu siku ya kwanza, na kwa hiyo yeye ndiye aliye hatarini zaidi: anaweza kuvuta kuliko vidole vyake vinavyoweza kustahimili. Tunamshauri aende mara moja au mbili tu kwa juma katika miezi ya mwanzo, apumzike siku mbili katikati, na akisikia maumivu ya kidole aache siku hiyo hiyo.

Kwa watoto wanaobalehe jambo hili ni zito zaidi. Mifupa yao ina sehemu laini ambapo urefu huongezeka, na kwa wakweaji wa umri wa miaka 12 hadi 16 sehemu hiyo katika kidole cha kati inaweza kupasuka polepole kwa mazoezi mengi. Mtoto hataanguka wala kulia. Atasema tu kwamba kidole kinauma akikunja. Mzazi asimpake dawa ya kuchua na kumrudisha mazoezini. Ampeleke kupigwa picha, kwa sababu kikigunduliwa mapema hupona kwa mapumziko, na kikiachwa kidole huweza kubaki kimepinda. Tena watoto na vijana wasiruhusiwe kwenye ule ubao wenye vijiti ambao watu huupanda kwa mikono tu, miguu ikining'inia. Uliundwa mwaka 1988 na Wolfgang Güllich, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa wakweaji hodari kabisa wa wakati wake, kwa ajili ya mwili wake mwenyewe.

Pete zote zivuliwe. Pete ikinasa kwenye kishikio wakati mwili unaanguka, inaweza kuondoka na ngozi ya kidole kizima. Hata ya ndoa, ndiyo. Wenye ndoa wasitukasirikie, ndoa haivunjiki kwa kuiweka pete mfukoni saa mbili.

FAIDA, NA KISHAWISHI CHA KUKONDA

Mchezo una mema yake. Huko Erlangen, kusini mwa Ujerumani, madaktari wa hospitali ya chuo kikuu waliwapeleka kwenye bolda watu wenye ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, wakiongozwa na wataalamu wa tiba ya mazungumzo kwa majuma 8. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba dalili zao zilipungua kuliko za waliokuwa bado wanasubiri. Hatushangai. Mtu aliye ukutani hana nafasi ya kuwaza madeni. Anawaza mguu utakanyaga wapi. Na kijana aliye peke yake ugenini, katika miezi ya giza na baridi, hupata hapo watu wa kumsalimu. Hata hivyo wagonjwa wale waliongozwa na wataalamu, kwa hiyo aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu amenunua viatu vya mpira.

Upande mwingine, ukuta humpendelea mwepesi, na ndiyo maana wako wanaojinyima chakula ili wapande vizuri. Mwaka 2023 Dkt. Schöffl na mwenzake mmoja walijiuzulu katika tume ya tiba ya shirikisho la kimataifa la mchezo huu, wakilalamika kwamba wanariadha waliokonda kupita kiasi hawakuzuiwa kushindana. Mwaka uliofuata shirikisho liliweka kanuni za kuwapima. Binti anayekwea sana, ambaye hedhi yake imekoma na bado anasukuma sahani pembeni, anahitaji daktari.

NANI ASUBIRI

Mama mjamzito asipande bolda, kwa sababu kila kushuka huko kunaweza kuwa kuanguka. Mwenye shinikizo la damu lisilotulizwa na mwenye kifafa waulize daktari kwanza, kwani kushikilia kwa nguvu huku umebana pumzi hupandisha shinikizo. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta, achague saa zisizo na watu wengi. Unga mweupe wanaojipaka mikononi huruka hewani, na mwaka 2025 watafiti wa Vienna na Lausanne walionyesha kwamba vumbi la soli za viatu vile vya mpira nalo limo katika hewa ya kumbi hizo, pamoja na kemikali zake. Na viatu vya kuazima, ambavyo vimevaliwa na wengi, vivaliwe na soksi.

AKIUMIA

Kifundo kilichoteguka kipumzishwe, kifungwe bandeji isiyobana sana, kiwekewe kitambaa chenye barafu, na mguu uinuliwe. Asipoweza kukanyaga hata hatua 4, au mfupa ukiuma sana unapobonyezwa nyuma ya kifundo, apigwe eksirei. Kidole kilicholia kifungwe pamoja na jirani yake, na mwenyewe asijaribu kukivuta ili kukinyoosha.

Aliyeanguka vibaya na kulalamikia shingo au mgongo, au asiyesikia miguu yake, asiinuliwe wala kukalishwa, hata wenzake wakiona ni huruma kufanya hivyo. Aachwe alivyo, mmoja amshike kichwa kisicheze, na mwingine aite gari la wagonjwa, ambalo namba yake huko Ujerumani ni 112. Kanuni hiyo ya kutomwinua ni ile ile kwa mtoto aliyeanguka mwembeni huku kwetu, ambako chini hakuna godoro. Ikiwa gari haliji, alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, na ndipo abebwe.